Masika hii jioni nipike nini? Jibu kwa mama wa Mbagala

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma lote, nalirudia kwa kifupi ili na wengine wafuate. Unakaa Mbagala, kazi yako iko mjini, masika hii unafika nyumbani saa moja na nusu au saa mbili usiku umelowa na foleni imekumaliza, na wanaokusubiri ni mume, watoto wawili (wa miaka 3 na wa miaka 7) na mama mkwe mwenye presha. Mmechoka ugali na mchicha, unataka chakula cha kuwapasha watu joto lakini hutaki kukaa jikoni mpaka saa nne, umeme mvua ikianza tu unaondoka, na makande unayaogopa maana mume akisikia hilo jina anakumbuka bweni.

Kwanza kabisa, shida yako sio kukosa menyu. Vyakula vinavyofaa jioni ya mvua karibu vyote ni vya kuchemka muda mrefu, mifupa, maharage, mahindi, ngano, na wewe unaanza kuviwaza saa mbili usiku umesimama jikoni na nguo za mvua, hapo lazima uishie kwenye ugali tu, hata mimi ningeishia hukohuko. Kwa hiyo kazi ya moto mrefu itoe kabisa kwenye siku za kazi, ifanye Jumamosi au Jumapili, jioni ibaki ya kuunga na kumalizia, dakika 20 mpaka 40 basi. Hilo nalisema kwa kila mama anayefanya kazi mjini na sijaona njia nyingine inayodumu.

Ugali sina ugomvi nao, ila ugali na mboga ya majani vinapoa upesi sana sahanini, ukimaliza kumlisha mdogo chako kimeshakuwa cha baridi. Chakula kizito cha bakuli na kijiko kinashika joto muda mrefu, mchuzi unapita kooni ukiwa moto, na sufuria ni moja kwa hiyo vyombo vya kuosha vichache, maana kuosha vyombo nje kwenye mvua usiku nayo ni kazi.

Sasa makande, tuanze na hiyo kesi. Mume wako simlaumu. Makande ya bweni yanapikwa sufuria la watu mia tatu, mahindi hayajakobolewa sawasawa, maharage nusu yamerojeka nusu magumu, kitunguu hakuna. Ila huko Upareni makande ni chakula cha heshima nyumbani, na yakipikwa kwa utulivu hayana uhusiano wowote na yale ya shule. Nunua mahindi meupe yaliyokobolewa, yale wanayouza sokoni maalum kwa makande, vikombe 2, na maharage kikombe kimoja na nusu. Loweka usiku wa Ijumaa, kila kimoja bakuli lake, kwa sababu mahindi yanachelewa kuiva na ukivichanganya mwanzo utapata maharage yaliyorojeka na mahindi yanayogonga meno, ndo makande ya bweni hayo hayo.

Asubuhi maji ya kuloweka mwaga yote, usipikie. Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu una mtoto mdogo. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu yake ya asili, mtu akila hayajaiva anatapika na kuharisha vibaya. Yaloweke saa 5 au zaidi, umwage maji, uweke maji mapya, halafu yachemke kwa moto mkali, kuchemka kwa kurukaruka kabisa, dakika 10 zisipungue, ndo upunguze moto. Moto mdogo tangu mwanzo hauui ile sumu, hata ukipika saa nyingi, kwa hiyo zile sufuria za umeme za kupika taratibu usitumbukize maharage mabichi moja kwa moja.

Mahindi yaanze peke yake kama saa moja hivi, maharage yaliyokwisha kuchemka yaingie, viendelee pamoja mpaka vyote viwe laini, saa nyingine moja au zaidi, inategemea maharage ni ya lini, yaliyokaa sana ghalani yanasumbua. Utakuta watu wanakwambia weka magadi yaive haraka. Kweli yanaivisha, lakini magadi yanaua vitamini B1 iliyomo, na pia magadi ni sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, na mama mkwe ana presha. Acha. Nyanya, ndimu, ukwaju navyo vikae mbali mpaka maharage yawe yameiva kabisa, uchachu unayafanya yawe magumu, na wengi wanaolalamika maharage yao hayaivi ukiwauliza wanakwambia waliweka nyanya mwanzoni.

Yakishaiva yaache yapoe, gawa kwenye vyombo vitatu, weka friza. Hapo Jumatatu ukirudi unafanya hivi: kitunguu kimoja kikubwa kikate, kaanga kwa mafuta kidogo mpaka kiwe rangi ya kahawia kabisa, usikiwahi, harufu ya kitunguu kilichokaangwa vizuri ndo itakayomleta mume jikoni mwenyewe. Tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, karoti, hoho, kisha nyanya moja, ikishalainika mimina makande na tui jepesi. Pilipili mbuzi iweke nzima na kikonyo chake bila kuipasua, itatoa harufu tamu na watoto hawataungua, itoe kabla hujapakua. Dakika 15 zinatosha. Mwisho mimina tui zito, koroga polepole upande mmoja, bila mfuniko, moto mdogo, likianza tu kutokota zima. Ukiliacha lichemke kwa fujo tui linakatika, mafuta yanajitenga juu na ladha inakuwa nzito. Pakua bakulini, kamulia ndimu mezani, weka parachichi pembeni. Mume mpe akiwa na njaa.

Mtori sasa. Kama ningeambiwa nichague chakula kimoja tu cha masika yote ningechagua huu. Uchagani mtori ndo anaopewa mama aliyetoka kujifungua, na utaelewa kwa nini, ni laini, una nyama, una mchuzi wa mifupa, hauhitaji kutafunwa sana, mtoto wa miaka 3 na bibi wa miaka sabini wanakula sufuria moja bila kupikiana tofauti. Kwa nyumba kama yako hiyo ni nafuu kubwa.

Jumamosi chukua kilo moja ya mifupa yenye nyama, mbavu au paja, mwambie wa buchani akukatie vipande vikubwa, vikikatwa vidogo sana vinaacha vichembe vya mfupa ambavyo kwa mtoto ni hatari. Anza na maji ya baridi, kama lita 2 na nusu, likichemka lile povu la kijivu litoe lote kwa upawa, kisha punguza moto mpaka iwe inatokota kidogo tu, tia kitunguu na kipande cha tangawizi, funika, iache saa 2. Kinachofanyika humo ni kwamba zile kano na utando wa kwenye mifupa, ambavyo ukivichoma ni vigumu kama raba, vinayeyuka taratibu na kuingia kwenye maji, ndo maana supu ya mifupa ikipoa inaganda na ukiipasha inakuwa na ule uzito wa kunata mdomoni. Ukiwasha moto mkali ili uwahi, nyama inakakamaa na supu inakuwa nyepesi yenye tope. Chuja, chambua nyama kwa vidole ukipapasa vichembe vya mfupa, weka friza supu na nyama pamoja.

Ndizi tafuta mshare, ndo ndizi yenyewe ya mtori, ukipita soko la ndizi pale Mabibo hukosi, ukikosa kabisa chukua ndizi Bukoba mbichi. Mzuzu usiweke, hiyo ni ya kukaanga na kuchoma, kwenye mtori inaleta utamu ambao haukai sawa. Kabla hujamenya pakaa mafuta ya kula kwenye viganja na kwenye kisu, utomvu wa ndizi ukishika mikono unabaki mweusi siku nzima na kwenye nguo hautoki kabisa, sasa kesho una ofisi. Kata ncha mbili, chana ganda kwa urefu, ling'oe kwa kidole gumba, kila ndizi ukimaliza itumbukize kwenye maji isiwe nyeusi. Ndizi 10 mpaka 12 za ukubwa wa kati zinawatosha watu watano. Kazi hii hata mtoto wa miaka 7 anaweza kukusaidia kutumbukiza, na mama mkwe kama anapenda kujishughulisha mwachie amenye jioni kabla hujafika, wazee wengi wanafurahi wakipewa kazi ya kweli ya nyumbani badala ya kuketishwa tu.

Ndizi na kitunguu kimoja viingie kwenye supu iliyopashwa, supu ivifunike, dakika 25 au 30 mpaka ukichoma kwa uma zinapasuka. Ponda humo humo sufuriani kwa mwiko ukizibana ukutani mwa sufuria, au pekecha kwa kipekecho. Blenda siipendi kwenye mtori, inasaga mno, ule wanga unavutika na unapata kitu cha kunatanata kama gundi, mtori mzuri unatakiwa uwe na vibonge vidogo ulimi uvisikie. Ukiwa mzito mno ongeza supu, mwepesi mno uache utokote wazi kidogo. Rudisha nyama, kijiko kimoja cha siagi au samli, chumvi mwisho. Wapo wanaotia nyanya na karoti, kila mtu na nyumba yake, mimi naona nyanya inaharibu rangi na inaufunika utamu wa mifupa, sitii.

Kuhusu presha ya mama, wala usianze kupika masufuria mawili. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo haifiki kijiko cha chai kilichojaa, na hiyo ni ya siku nzima pamoja na iliyomo kwenye mkate wa asubuhi. Kwa hiyo pika sufuria nzima bila chumvi, pakua la mama kwanza, weka chumvi kidogo sana au usiweke, kisha tia ya wengine kwa kiasi, na kwa kweli hata hao wengine wakizoea kidogo ni faida yao. Maadui wakubwa jikoni kwako ni vile vidonge vya mchuzi na pakiti za viungo vyenye chumvi, watu wanavitia viwili vitatu halafu wanaongeza na chumvi juu, mtu anasema mbona nimepunguza chumvi presha haishuki. Ladha itafute kwenye kitunguu kilichokaangwa sawasawa, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu ya mezani, giligilani, pilipili manga. Ndimu hasa, chakula chenye ndimu ulimi hauulizi sana chumvi. Samli na tui zito lake liwe kidogo. Dawa zake aendelee nazo kama alivyoandikiwa, na kama kliniki walishawahi kuwaambia figo zake zina shida basi ndizi, parachichi na maharage mkaulizie kwanza, vina potasiamu nyingi na kwa figo mbovu hilo ni jambo la kuangalia.

Kuna siku hukuandaa chochote, friza ni tupu. Hapo kimbilia choroko. Mwambie mtu wa nyumbani aziloweke mchana, zikilowa zinaiva kama dakika 30 hadi 40, unaunga kwa kitunguu, nyanya na tui, mnakula na wali. Au unaposhuka kwenye gari pale Rangi Tatu chukua samaki wa kukaanga, angalia awe wa jioni hiyo, akiwa na harufu kali au utelezi mwache. Nyumbani tengeneza rosti ya kitunguu na nyanya, tui, bamia chache, manjano, mtumbukize samaki achemke humo vizuri dakika 10, una mchuzi wa pwani wa moto na hujatumia nusu saa. Angalia miiba ya mtoto. Mihogo ya nazi nayo inapendeza sana mvua ikinyesha, ila muhogo nunua mtamu kwa muuzaji unayemfahamu, menya ganda lote pamoja na lile la ndani la rangi ya waridi, toa mzizi wa katikati, chemsha maji ya kwanza umwage ndo utie tui. Muhogo mchungu una sumu, ukiuonja ni mchungu tupa wote usijaribu kuuokoa kwa nazi.

Na siku ya mapumziko ukiwa na nguvu, pika bokoboko, ile ngano nzima na nyama ya watu wa mwambao, ndugu yake ni harisa ya Oman. Ngano unailoweka usiku kucha, unaipika na nyama mpaka vyote viwe vimelegea kabisa, unaponda na kuvuta kwa mwiko mpaka nyama iwe nyuzinyuzi ndani ya ngano, juu samli na mdalasini. Ni kazi ya mikono kwa kweli, mkono unauma, ndo maana nimesema siku ya mapumziko.

Watoto wakimaliza kula wape mchaichai wa moto badala ya chai ya majani, ya majani usiku inawakimbiza usingizi, na mama mkwe pia mchaichai unamfaa, sukari kidogo.

Nimebakiza moto, na hapa sitanii hata kidogo. Masika watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, mvua imewafukuza uani au wanataka kuota moto, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, wanalala. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, moshi ukishaisha na mkaa umekolea mwekundu watu wanadhani ni salama kumbe gesi ipo inatoka. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, na wengi hawaamki. Jiko la mkaa libaki nje au kwenye baraza lenye paa na upepo unaopita. Kama mvua inapiga mpaka barazani basi siku hiyo pika kwa gesi tu na dirisha wazi. Mkaa wenyewe uweke juu ya matofali au ubao, usikae sakafuni, gunia linavuta unyevu kutoka chini na mkaa uliolowa unakupa moshi tu bila moto.

Gesi ya mtungi mdogo unaweza kuinyoosha hivi. Jumamosi maharage au mifupa ikishachemka vizuri dakika 20 (zile 10 za moto mkali za maharage zimo humo), funika sufuria kwa mfuniko unaobana, zima moto, lifunge haraka kwa kanga nene mbili tatu, liweke kwenye boksi au kapu uliloshindilia blanketi kuukuu pande zote, juu mto, usifunue. Baada ya saa 3 au 4 utakuta linaendelea kuwa moto na vilivyomo vimeiva sana, unachemsha tena kidogo kumalizia. Usiliache mle mchana kutwa mpaka ukirudi kazini, likifika hatua ya uvuguvugu ndo bakteria wanakozaliana.

Hivyo hivyo kwa mabaki, chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa 2, wali hata upungue hapo, uwahi kupoa na uingie friji, ukiupasha upashe mpaka utoe mvuke kote. Umeme ukikatika usifungue friji kuangalia angalia, likiwa limefungwa linatunza chakula kama saa 4, friza iliyojaa inafika saa 48 na iliyojaa nusu saa 24, kwa hiyo chupa za maji zigandishe ujazie nafasi. Ukizidi hapo na supu imeyeyuka na kupata joto, imwage, hata kama ina kilo nzima ya nyama. Na maji ya kuoshea mboga na matunda ya kula mabichi msimu huu yawe yaliyochemshwa au yenye dawa, visima vinaingiliwa na maji machafu mvua ikizidi.

Jumamosi hii anza na mifupa ya mtori tu, usijibebeshe yote kwa mara moja, makande yafuate wiki ijayo. Ukikwama kwenye kipimo chochote niandikie, na mama mkwe nisalimie sana.